Mwalimu Nyerere na Mkulima: Somo la Ardhi, Sheria na Dhamiri

Kila inapofika tarehe 14 Oktoba, taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas jijini London. Sisi waamini Wakatoliki tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka, kwa kuwa Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kuchunguza maisha na fadhila zake, na tangu hapo tunamwita Mtumishi wa Mungu.

Hata hivyo, katika maparokia ya vijijini lipo swali ambalo wachungaji hulisikia mara kwa mara kutoka vinywani mwa wazee. Wao walikuwa vijana katika miaka ya sabini. Waliamriwa kuacha mashamba ya baba zao, wakapakiwa kwenye malori pamoja na mitungi na kuku wao, wakashushwa mahali palipopimwa na watu wasiowafahamu. Wanauliza: Je, mtu aliyetoa amri ile anaweza kuwekwa mbele yetu kama kielelezo cha maisha ya Kikristo?

Swali hili tusilikemee. Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli. Hukumu ya mwisho ni ya Kanisa, nasi hatuna mamlaka ya kuitangulia. Katika makala haya tunakusudia tu kuyapitia maisha ya Mwalimu kwa kufuata njia moja, yaani uhusiano wake na mkulima, mfugaji na ardhi, tuone alijifunza nini, alisahau nini, na sisi tunaachiwa wajibu gani.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Wazanaki walikuwa wakulima na wafugaji, na mtoto wa chifu hakusamehewa kazi. Naye alichunga mifugo ya baba yake kama watoto wenzake. Alikuwa amefikisha umri wa miaka kumi na miwili alipoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Hapo, pamoja na kusoma na kuandika, alianza kuvutwa na mafundisho ya dini. Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 kijana huyo alibatizwa katika misioni ya Nyegina, akachukua jina la Julius.

Baada ya Chuo cha Makerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na aliporudi alifunga ndoa na Maria Gabriel mwaka 1953, akawa mwalimu katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Hivyo, alipoingia katika siasa alikuwa mtu wa namna mbili kwa pamoja: msomi wa chuo kikuu na mtoto wa kijijini aliyeijua harufu ya zizi.

Agizo lenye shabaha njema na fimbo mkononi

Ili tuyaelewe maisha yake, hatuna budi kukumbuka hali ya mkulima wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya Uingereza ilikuwa na hofu kwamba udongo unamomonyoka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Katika milima ya Uluguru na Usambara mvua ilikuwa ikiuchukua udongo mabondeni, na katika Usukuma malisho yalikuwa yamechoka. Serikali ikatunga kanuni. Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wasambaa wakaamriwa vivyo hivyo kulima kwa matuta. Wasukuma wakatakiwa kupunguza ng'ombe wao. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa.

Kwa mtazamo wa ofisini, kanuni hizo zilikuwa za busara. Tatizo ni kwamba waliozitunga hawakumuuliza mwenye jembe. Kule Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usiootesha kitu, na mkulima aliyetii agizo akavuna pungufu kuliko alivyovuna kabla ya kutii. Kwa Msukuma, ng'ombe ni akiba ya mwaka wa njaa, ni mahari ya kijana na heshima ya nyumba. Kumwambia auze sehemu ya kundi bila kumpa akiba nyingine kulikuwa sawa na kumwambia abomoe ghala lake kwa mkono wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, mkulima aliona wazi kwamba serikali iliyojidai kuilinda ardhi ilikuwa tayari kumnyang'anya ardhi hiyo hiyo. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nafasi ipatikane kwa ufugaji wa walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyafikisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa mashamba yao wakati ule, lakini nchi nzima ilikuwa imesikia. Msomaji wa Biblia hawezi kuisikia habari hiyo bila kukumbuka shamba la mizabibu la Nabothi na mfalme aliyelitamani.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwezi Machi 1955 Mwalimu naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Katika mwezi wa Julai mwaka huo huo, Waluguru walikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango mzima ukaachwa. Katika Usukuma manung'uniko juu ya ng'ombe na kanuni za kilimo yalifikia kilele huko Geita mwaka 1958. Chama cha Mwalimu kilikua haraka vijijini kwa sababu kilisimama upande wa watu hao. Tunaweza kusema bila kukosea kwamba uhuru wa Tanganyika ulipata nguvu zake nyingi kutoka kwa mkulima aliyechoka kuamriwa juu ya shamba lake.

Hili tulishike vizuri, kwa sababu litarudi.

Ardhi ni ya Mungu

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika waanze kumiliki ardhi kwa hati za milki ya kudumu, inayoweza kuuzwa kama bidhaa yoyote, Mwalimu aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kuupinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Hakuna binadamu aliyeiumba ardhi. Mtu anaweza kudai jasho lake, yaani mazao aliyoyapanda na nyumba aliyoijenga, lakini ardhi yenyewe ni zawadi ya Mungu kwa vizazi vyote. Aliogopa kwamba ikiuzwa kiholela, matajiri wachache wangeichukua, na walio wengi wangekuwa wapangaji katika nchi yao.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, wazo hilo likawa sheria. Mwaka 1963 milki za kudumu zilibadilishwa kuwa milki za muda chini ya serikali. Mwenye kufahamu Mafundisho Jamii ya Kanisa atatambua hapa mwangwi wa ukweli tunaoufundisha: Kanisa linatetea haki ya mtu kumiliki mali, lakini linakumbusha kwamba mali ya ulimwengu huu imekusudiwa kwanza kwa ajili ya wote. Hadi leo sheria zetu zinasimama juu ya msingi huo, kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Hata hivyo, msingi huo una hatari yake. Ardhi iliyo chini ya mdhamini mmoja humlinda mnyonge ikiwa mdhamini anasikiliza. Asiposikiliza, mnyonge hana hati ya kushikilia.

Wanyama wa porini kama amana

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, mkutano juu ya hifadhi ya maumbile ulifanyika Arusha. Hapo Mwalimu alitoa tamko ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha lililokuja baadaye. Kwa tamko hilo serikali mpya ilikubali kwamba wanyama wa porini na makao yao ni amana, na kwamba watoto wa watoto wetu wana haki ya kuwakuta. Wapo watu ng'ambo waliodhani kuwa Mwafrika akijitawala atawamaliza wanyama wote. Kilichotokea ni kinyume chake. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kufundisha Waafrika usimamizi wa wanyamapori. Mikumi na Ruaha zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970 na Kilimanjaro mwaka 1973. Nchi maskini, yenye uhitaji mkubwa wa fedha na ardhi, ilitenga maeneo makubwa kwa ajili ya viumbe visivyopiga kura.

Hata hapa ipo sura ya pili. Wamasai walikuwa wameondolewa Serengeti mwaka 1959 kwa ahadi kwamba wangeishi kwa amani Ngorongoro. Mwaka 1974, chini ya serikali ya Mwalimu, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi hiyo. Mnyama alilindwa, na jambo hilo ni jema. Lakini mfugaji, ambaye alikuwa ameishi jirani na mnyama huyo kwa vizazi vingi bila kumwangamiza, alichukuliwa kama mgeni.

Azimio na kijiji cha ujamaa

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Machi, Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu. Wengi kati ya mapadre na watawa wa wakati ule waliona hati hizo mbili zikielekea upande mmoja, yaani maendeleo yanayomhusu mtu mzima na watu wote. Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huo kuliunga mkono Azimio.

Mwezi Septemba 1967 alitoa andiko lake juu ya Ujamaa Vijijini. Wakulima waishi pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Walime pamoja, wagawane kwa haki. Na neno moja lilikaziwa kuliko yote: kwa hiari. Mwalimu aliandika waziwazi kwamba ujamaa hauwezi kujengwa kwa kuwalazimisha watu. Aliyashuhudia matuta ya Uluguru, na somo lilikuwa bado bichi moyoni mwake.

Tena, kielelezo kilikuwepo tayari. Huko Songea, katika kijiji cha Litowa na vijiji vya jirani, wakulima walikuwa wameungana wenyewe tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Walipanga kazi katika mikutano yao, wakaendesha shule yao, wakasaidiana kati ya kijiji na kijiji kwa njia ya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu alivutiwa nao sana. Lakini mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Viongozi wengi hawakustarehe kuona wakulima wakijiendesha bila kusubiri maelekezo kutoka juu. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, njia zilipogawanyika. Kilichokuwa kimeota chenyewe kiling'olewa, kisha serikali ikaanza kupanda chake kwa amri.

Sikukuu ya Noeli mwaka 1971, huko Isimani mkoani Iringa, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kuuawa na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro juu ya shamba. Mwamwindi alihukumiwa kifo na hukumu ikatekelezwa. Siku ambayo Kanisa huimba amani duniani ikawa siku ya damu. Kifo hicho kilipaswa kuwa kengele.

Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Ikafuata Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, na vijiji zaidi ya 7,000 vikaandikishwa. Wapo waliohama kwa moyo mweupe. Wapo pia walioona nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa moto na wanamgambo ili wasirudi, wengine wakati wa masika, mazao yakiwa shambani.

Wataalamu walioweka vigingi hawakujua, au hawakujali, kwa nini wazee waliishi kwa kutawanyika. Familia ilikuwa na kishamba bondeni na kingine mlimani, ili mvua ikikosekana huku ipatikane kule. Mifugo iliyokaa mbalimbali haikuambukizana magonjwa kwa urahisi. Shamba lililochoka liliachwa lipumzike. Watu walipokusanywa mahali pamoja, udongo wa jirani ulichoka haraka, kuni zikaisha, na wanawake wakaanza kutembea mwendo mrefu kutafuta mafuta ya kupikia ya Mungu, yaani kuni kavu. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulilikuta taifa likiwa katikati ya kuhama, na ikalazimu kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu wakati wa ukoloni, navyo vilivunjwa.

Haki inatudai tuseme pia mema. Kwa sababu ya vijiji, watoto wengi waliingia darasani ambao wasingeingia kamwe. Kisima na zahanati vilifika mahali ambapo havikuwahi kufika. Tena, katika vijiji hivyo hivyo, na katika miaka hiyo hiyo, Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Wengi wetu tulilelewa kiimani katika jumuiya zilizokutana chini ya miembe ya vijiji vya ujamaa. Mungu hupita hata katika njia ambazo binadamu amezipinda.

Kondoa, na vikundi vya redio

Mifano miwili ya wakati ule inatusaidia kupima mambo kwa haki. Wa kwanza ni Kondoa. Udongo wa vilima vya Kondoa ulikuwa umeliwa na makorongo kiasi cha kutisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote, maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliondolewa katika eneo lililoharibika. Baada ya miaka michache nyasi zilirudi, miti ikaota, makorongo yakaanza kupona. Agizo lile liliiponya ardhi. Lakini familia zilipoteza maziwa na samadi, na gharama hiyo ililipwa na maskini. Baadaye waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mabanda na kuwakatia majani, na hapo ardhi na mfugaji wakaanza kupatana. Laiti mambo hayo mawili yangepangwa pamoja tangu mwanzo.

Mfano wa pili ni kampeni za elimu kwa njia ya redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1975 Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Watu walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini. Vyoo vilichimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa, na kazi kubwa ilifanyika bila askari mmoja. Tuutafakari mwaka 1973: nchi ile ile, chini ya kiongozi yule yule, ilimfundisha mkulima kwa redio kama mtu mwenye akili, na ikamhamisha kwa lori kana kwamba hana.

Mwalimu anajichunguza

Tunafika sasa katika sehemu ya maisha haya inayotugusa zaidi kama Wakristo. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio, Mwalimu aliandika tathmini ambayo viongozi wachache duniani wangethubutu kuichapisha. Alikiri kwamba Tanzania haikuwa ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja makosa ya serikali na ya chama bila kuyafunika. Mwaka 1982 sheria ilirudisha vyama vya ushirika, na serikali za mitaa nazo zikarejeshwa katika miaka hiyo. Mwaka 1984 alikubali hadharani kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa, na kwamba angepata nafasi ya kuanza upya asingelirudia.

Tusimpambe kwa maneno ambayo hakuyasema. Kuhusu vijiji vyenyewe, aliendelea kuamini kuwa shabaha ilikuwa sahihi. Toba yake juu ya mkulima haikukamilika kwa namna ambayo wazee wetu wangependa kuisikia. Lakini alitambua jambo la msingi: aliviondoa vyombo ambavyo kwavyo mkulima aliweza kusema hapana, na baada ya kuviondoa hakusikia tena sauti ya mkulima hadi hasara ilipokuwa imeshaingia.

Mwezi Novemba 1985 aliachia urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya ardhi yote ya nchi alirudi kwenye shamba lake, akingojea mvua kama jirani zake. Alijulikana kwa kushiriki Misa Takatifu kila siku. Katika uzee wake alizitafsiri Injili kwa utenzi wa Kiswahili, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1996. Alizikwa Butiama mwezi Oktoba 1999, katika ardhi aliyochungia mbuzi utotoni.

Tunaachiwa nini

Turudi kwenye swali la wazee. Utakatifu katika mafundisho ya Kanisa haumaanishi kutokukosea kabisa katika uongozi. Daudi alitenda makosa mazito, na Petro alimkana Bwana. Kanisa linapochunguza maisha ya mtu hutafuta imani, matumaini na mapendo yaliyoishiwa kwa namna ya kishujaa, na hupima pia dhamiri yake mbele ya makosa. Yule mzee aliyepoteza shamba lake asiambiwe kwamba maumivu yake ni kikwazo kwa mchakato huo. Ushuhuda wake ni sehemu ya ukweli, na Kanisa halina sababu ya kuuogopa ukweli.

Lipo pia somo kwa ajili yetu. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatufundisha kanuni ya auni: jambo ambalo familia au kijiji kinaweza kulifanya chenyewe, mamlaka ya juu isilipokonye, bali isaidie pale nguvu zinapopungua. Maisha ya Mwalimu ni maelezo marefu ya kanuni hiyo. Mwaka 1955 aliitetea, mwaka 1967 aliiandika, mwaka 1973 aliivunja, na mwaka 1984 aliikumbuka.

Leo tunazo sheria nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu kingo za mito na maziwa ndani ya mita sitini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na Katekisimu yetu inafundisha vivyo hivyo, kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni jambo lisilolingana na hadhi ya binadamu. Sheria hizi tuzitii. Anayelima hadi ukingoni mwa mto anaiba maji ya jirani yake, na anayempiga punda aliyezidiwa na mzigo anajidhalilisha mwenyewe.

Pamoja na kutii, tuzungumze. Mkutano mkuu wa kijiji ndipo sheria ndogo za malisho, vyanzo vya maji na misitu hujadiliwa. Mara ngapi mkutano huo hukosa watu, kisha tunalalamika kwamba tumeamriwa? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: Je, mfugaji aliyehamia kwetu ana nafasi ya kusema, au tunamjadili akiwa hayupo? Je, mjane ambaye shamba lake liko karibu na chanzo cha maji amepatiwa mahali pengine pa kulima, au ameambiwa tu aondoke?

Na ninyi waamini mliopewa dhamana serikalini, mabwana shamba, maofisa mifugo, watendaji wa vijiji na wahifadhi, tunawaombea na tunawasihi. Mnapokwenda na agizo lenye shabaha njema, kaeni kwanza chini na mwenye jembe. Muulizeni kwa nini anafanya anavyofanya. Huenda amekosea, nanyi mtamfundisha. Huenda ninyi mmekosea, naye atawaepusha na dhambi.

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere tumkabidhi kwa huruma ya Baba, pamoja na wote waliohamishwa kwa amri yake na ambao sasa wamelala katika udongo wa vijiji vile. Mungu mwenye kuijua mioyo ya wote awape raha ya milele, na atujalie sisi tulio hai hekima ya kuitunza nchi bila kumsahau anayeilima.